Unapigwa mionzi? Soma hii kabla hujagusa manjano na unga wa miti shamba

Ndugu zangu wa Dodoma, nimemuuguza mama mdogo wakati wa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, saratani ya koo, na nilichokiona ni kwamba kila jirani anakuja na unga wake, tena kwa nia njema kabisa, ila si kila cha asili kinaelewana na mionzi.

Kwanza, kila unachotumia kitie kwenye mfuko, hata kama ni mlonge wa kwenye kopo, ukaweke mezani kwa daktari. Usione aibu. Mionzi inaua saratani kwa kutengeneza chembe kali zinazokatakata DNA (vinasaba) ya seli, sasa vidonge na unga wenye antioksidanti nyingi, yaani viambato vinavyozima chembe hizo kali, vinaweza kuzima moto huohuo. Kanada waliwapa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo vitamini E na beta-karotini, madhara yakapungua kidogo lakini saratani ikaelekea kurudi zaidi!

Manjano weka kwenye mchuzi kama kawaida, basi. Vidonge vyake vilijaribiwa kwa akina mama wenye saratani ya titi ili ngozi isiungue, utafiti wa watu 30 ukaleta matumaini, ulipokuja wa zaidi ya 600 tofauti ya maana haikuonekana.

Zabibu zetu je? Kwenye ganda kuna kiambato kinaitwa resveratroli, na maabarani kimeonekana kuzilegeza seli za saratani zisistahimili mionzi, ila ukikila mwili unakivunja fasta sana, kwa hiyo kula zabibu zako za Hombolo kama tunda, na mvinyo achana nao.

Kilichomsaidia mama mdogo vidonda vya mdomo ni asali. Daktari alikubali, tukapima vijiko vinne vidogo kila mara, dakika 15 kabla ya mionzi, 15 baada, halafu tena baada ya masaa sita. Unaizungusha mdomoni taratibu afu unameza. Siku ya kwanza alishika shavu akafumba macho yani machozi yanamtoka, wiki iliyofuata akaomba mlenda, uliopoa, akaumaliza. Mwenye kisukari asijaribu bila kuuliza.

Na ngozi ya sehemu inayopigwa usiipake shubiri wala mafuta yoyote kabla ya kuingia, osha kwa maji ya uvuguvugu, na ile michoro ya wino usiisugue, ndo inayowaonyesha pa kulenga.