Kabla ya Kuagiza Vipuri vya Plastiki vya Gari la Rimoti

Mkono wa saspensheni wa gari la rimoti ukivunjika, wengi wetu hukimbilia kuagiza ulio mgumu kuliko wa awali, na wiki mbili baadaye huvunjika kitu kingine kilicho ghali zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kulipia kipuri chochote, kisugue kile kipande kilichovunjika kwa mswaki na maji ya sabuni, kisha ukigeuze upande wa ndani na kukimulika kwa tochi kutoka ubavuni. Mara nyingi utaona herufi ndogo zilizokaa katikati ya alama mbili zinazofanana na ncha za mishale, kwa mfano >ABS<, >POM<, >PC< au >PA66-GF30<. Huo ni utaratibu wa kimataifa wa kutambulisha plastiki, wa kanuni ya ISO 11469, nao utakueleza jambo ambalo rangi haiwezi kukueleza, kwa kuwa karibu vipande vyote vya chini ya gari hutiwa weusi uleule.

PA ni nailoni, na GF30 maana yake ni kwamba asilimia 30 ya uzito wa kipande ni nyuzi fupi za kioo. Nyuzi hizo hukifanya kipande kisipinde, na ndiyo sababu hupendwa kwenye chesisi na kwenye nguzo zinazoshikilia shokapu, lakini mkono wenye kioo kingi hukatika ghafla pale ambapo nailoni tupu ingejikunja na kurudi. Kabla ya kuchagua, basi, jiulize gari linakimbia wapi. Kwenye lami laini ugumu una faida, maana gari huutii usukani bila kuyumba; kwa gari la kuruka matuta, mimi ningechukua nailoni isiyo na kioo, hata kama usukani utalegea kidogo. Jiulize pia, gari likigonga ukingo wa barabara, ungependa kivunjike nini. Anayeweka mikono ya alumini huona ameushinda ugonjwa, kumbe pigo lililokuwa likiishia kwenye mkono sasa linapita hadi kwenye kasha la giaboksi, na kulibadilisha hilo ni kulifumua gari nusu nzima.

Nailoni vilevile hunywa maji, na katika kazi hii hilo ni jambo jema. Kipande kipya ambacho hakijapata unyevu huwa rahisi kuvunjika, ilhali kikikaa kwenye hewa yenye unyevu wa wastani, nailoni ya aina ya 66 hufikia takribani asilimia 2.5 ya maji kwa uzito, na ikilowekwa hadi ishibe hukaribia asilimia 8.5. Ndiyo maana wapo wanaochemsha mikono mipya kwenye sufuria kwa dakika 20 hivi kabla ya kuifunga. (Anayeishi Tanga au Mombasa anaweza kuokoa gesi yake, kwani hewa ya pwani itaifanya kazi hiyo polepole bila malipo.) Baada ya kuchemsha, acha kipande kipoe na upitishe pini yake ili uone kama bado kinacheza vizuri, kwa kuwa maji hubadilisha vipimo vyake kidogo. Mkono ulioufunga sawasawa, ukiuinua na kuuachia kabla ya kuweka shokapu, huanguka kwa uzito wake wenyewe.

POM, ambayo wengine huiita asetali, utaikuta zaidi kwenye gia kubwa na kwenye vichwa vya vijiti vya usukani. Huteleza bila mafuta na hainywi maji kama nailoni, kwa hiyo meno yake hayabadiliki. Usipange kuigundisha, kwa sababu gundi hainati juu yake, wala usiijaribu kwa kiberiti ili kuitambua, kwani ikiungua hutoa gesi ya formaldehidi. Kabla ya kuwasha mota, weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia hiyo na ile ndogo ya chuma, ubane mota, kisha uzungushe kwa mkono: karatasi ikitoka na mikunjo ya meno bila kuchanika, nafasi inatosha.

ABS ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa wa kemikali. Niliwahi kutia tone la gundi ya kuzuia skrubu zisilegee kwenye skrubu zilizoingia moja kwa moja kwenye chesisi ya ABS, nikaliweka gari rafuni nikiwa nimeridhika. Siku chache baadaye, kila skrubu ilikuwa imezungukwa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na nilipoigusa ya kwanza kwa bisibisi, kipande kizima kilinibakia mkononi. Gundi hiyo ni ya chuma kwa chuma. Thina na asetoni nazo ziwekwe mbali na ABS, na mbali na bodi ya polikaboneti, yaani ganda la nje la gari, pia.

Bodi hiyo, yenye alama ya PC, huvumilia kugongwa kuliko ABS, ila inataka rangi yake maalumu inayopulizwa kwa ndani. Ioshe kwanza kwa sabuni ya vyombo, anza na rangi zilizokoza kabla ya zile za mwanga, na usiibandue karatasi laini inayolinda upande wa nje hadi mwisho. Unapokata sehemu za matairi, usiache kona kali, kwa kuwa ufa huanzia hapo. Ufa uliokwisha kuanza hutobolewa tundu dogo mwishoni mwake, kisha ndani hupakwa gundi ya viatu juu ya kipande cha wavu wa kitambaa.

Kwa anayechapisha vipuri vyake mwenyewe kwa printa ya 3D, plastiki ya PLA huanza kulainika kwenye nyuzijoto 60 hivi za Selsiasi, joto ambalo kishikio cha mota hulifikia bila shida.