Ajali imepita, usingizi haujarudi: namna ya kumpata mwanasaikolojia kwa madai ya WCF ukiwa Mtwara au Lindi

Mzee mmoja, mlinzi wa ghala la korosho, aliingia ofisini kwangu amebeba bahasha ya picha za eksirei. Nilimwonyesha kiti kilichokuwa karibu na meza, akakiacha. Alivuta kile cha pembeni, akakisogeza hadi mgongo ukagusa ukuta, akakaa akiutazama mlango. "Dada, mkono umepona," akaniambia. "Lakini usiku sifumbi jicho. Upepo ukitikisa bati tu, mimi tayari nimesimama na tochi mkononi."

Miezi mitano kabla ya siku hiyo alivamiwa zamu ya usiku, akapigwa, akavunjwa mkono. Faili lake la fidia lilikuwa limenyooka kwa upande wa mfupa. Kuhusu usingizi, hofu, na ile jasho inayomtoka akisikia pikipiki inazimwa nje, hapakuwa na mstari hata mmoja. Hakuna aliyemuuliza, na yeye alidhani mambo hayo hayasemwi hospitalini.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwasindikiza watu kama huyu kwenye makaratasi. Ninaandika hatua hizi kwa mfanyakazi wa Mtwara au Lindi aliyeumia akili kwa sababu ya kazi, na kwa mke, mume au ndugu anayemhangaikia.

Hatua ya 1: Tukio liandikwe kabla hujamtafuta mtaalamu yeyote

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi Julai 2015 na ukaanza kulipa mafao Julai 2016. Unahudumia wafanyakazi wa sekta ya umma na binafsi Tanzania Bara. Mchango wake hulipwa na mwajiri. Wewe hukatwi kitu kwenye mshahara. Kwa hiyo ukiambiwa "hapa hatujachangia", usirudi nyumbani kimya. Kuchangia ni wajibu wa mwajiri, na wewe bado unatakiwa kutoa taarifa yako.

Mweleze mwajiri kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Akishapata taarifa ya ajali, ana siku 7 za kuifikisha WCF, na siku hizi waajiri wengi huijaza kwenye mfumo wa mtandao wa Mfuko. Madai yenyewe yafike ndani ya miezi 12 tangu tukio. Miezi hiyo huwapita watu wengi wenye maumivu ya akili kwa sababu kila mwezi wanasema itaisha yenyewe. Tafadhali usisubiri.

Kama ulishambuliwa, au ni ajali ya barabarani ukiwa kazini, pita polisi uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi.

Kuna jambo dogo hapa ambalo uzito wake ni mkubwa: katika maelezo yako usiishie kwenye jeraha. Andika ulichokiona na ulichokisikia. Kijana aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa mwenzake aliyenaswa na mkanda wa mashine anaweza asiwe na mchubuko wowote mwilini. Asipoandika "nilikuwa pale, niliona, nilisaidia kumtoa", baadaye atapata shida kuonyesha kwamba tukio lile lilimgusa hata kidogo. Weka na majina ya mliokuwa nao zamu moja.

Hatua ya 2: Anza kwa daktari, usimruke

Hapa ndipo watu wengi hupoteza hela. Mtu anasikia kuna mwanasaikolojia mjini, anakwenda moja kwa moja, analipia vikao vitatu, anapewa barua nzuri, kisha barua ile inakosa mahali pa kukaa kwenye faili. Madai ya WCF yanasimama juu ya taarifa za daktari: ya awali, za maendeleo, na ya mwisho. Mwanasaikolojia anaingia kwa rufaa ya daktari huyo, na ripoti yake inaambatanishwa na taarifa ya daktari. Rufaa ikiwepo, kila kikao kina mzizi. Isipokuwepo, utaulizwa nani alikutuma.

Kwa hiyo rudi kwa daktari yule yule aliyekutibu jeraha. Mwambie waziwazi: "Daktari, tangu siku ile silali, naota tukio, nashtuka ovyo, kazini siwezi kukaa. Naomba iandikwe kwenye faili na naomba rufaa ya afya ya akili." Usiondoke kabla hujaona ameandika.

Majina ya wataalamu nayo yanachanganya. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, anaweza kukuandikia dawa na kutoa utambuzi wa ugonjwa. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa. Kazi yake ni kupima hali yako kwa mazungumzo na madodoso maalumu, na kukutibu kwa vikao. Chuo Kikuu cha Muhimbili kinafundisha fani hiyo hadi shahada ya uzamili. Muuguzi wa afya ya akili ndiye mara nyingi utakayekutana naye kwanza, na wengi wao ni hodari sana wa kutambua tatizo mapema. Mnasihi anakusikiliza na kukupa nguvu, na msaada wake ni wa kweli, lakini barua yake peke yake usitegemee ibebe madai ya fidia. Nimeona kibao kimeandikwa "mwanasaikolojia" na aliyekuwa ndani alihudhuria semina ya wiki mbili. Alikuwa mtu mwema. Ila mgonjwa wangu alirudi na karatasi isiyo na namba ya usajili.

Hatua ya 3: Chagua mlango kulingana na ulipo

Ukiwa Mtwara mjini, Mikindani au Nanyamba, mlango wa kawaida ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula. Lindi ni Sokoine. Juu ya hizo ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mitengo, ambayo imetupunguzia sana safari za Dar es Salaam. Watu wa Masasi na Nachingwea wengi wamezoea Ndanda, na wa Mtama wamezoea Nyangao. Anza huko kama ndiko lilipo faili lako, kisha omba rufaa. Popote ufikapo mapokezi, taja neno "kliniki ya afya ya akili" na uulize siku zake. Ukisema tu "nina mawazo", utapangwa kwenye foleni ya wagonjwa wa kawaida na siku itakwisha.

Mtaalamu unayemhitaji asipopatikana kusini, rufaa inaweza kukupeleka Muhimbili au Mirembe, Dodoma. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na barabara yetu tunaijua. Mei 2024, mvua za kipindi cha kimbunga Hidaya ziliikata pale Somanga, magari yakalala njiani. Ukikosa miadi kwa sababu kama hiyo, piga simu kliniki siku ile ile na uombe iandikwe kwenye faili kwamba umekwama. Miadi iliyokosekana bila maelezo husomeka kama mtu aliyepona akaacha kuja.

Hatua ya 4: Uliza kabla ya kukaa kitini

Mtaalamu mzuri hakasiriki kuulizwa. Uliza hivi, kwa adabu, hata kwa simu:

"Samahani, naulizia. Nina madai WCF, tukio lilinipata kazini. Je, umesajiliwa na baraza lipi, na namba yako ya usajili ni ipi? Umewahi kuandika ripoti kwa ajili ya fidia ya kazini? Gharama analipa nani, na nitapata risiti?"

Kwa upande wa madaktari, jina unaweza kulihakiki kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Halafu wasiliana na WCF wenyewe, uwape jina la kituo na la mtaalamu, uulize kama ripoti yake itapokelewa. Fanya hivyo kabla ya kulipa. Andika tarehe, saa, na jina la afisa aliyekujibu. Daftari la kurasa 40 linatosha, na nimeliona likimwokoa mtu kuliko wakili.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Beba nakala ya taarifa ya tukio, PF3 kama ipo, barua ya rufaa, taarifa za daktari zilizotangulia, ED zako zote (karatasi za daktari za kupumzishwa kazi), vyeti vya dawa, kitambulisho cha kazi. Kama unaye mtu anayelala nyumba moja nawe, nenda naye. Yule mzee aliniambia "nashtuka kidogo". Mkewe ndiye aliyesema kwamba tangu kuvamiwa anazunguka nyumba mara nne kila usiku akikagua makomeo, na kwamba mjukuu wao hathubutu tena kumwamsha.

Sema mambo yote. Huku kwetu mtu akibadilika baada ya ajali, wazee hutafuta sababu: majini, mkono wa mtu, kafara la mashine. Umekwenda kwa mganga? Sema. Umekunywa dawa ya mizizi? Sema, kwa sababu huenda ukaandikiwa vidonge na mtaalamu anapaswa kujua kilichomo mwilini. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka, badilisha mtaalamu. Uliwahi kuugua sonona kabla ya ajali, au ulikuwa unakunywa pombe? Hilo nalo sema. Likifichwa likaja kufumuka baadaye, linaangusha hata ukweli uliobaki.

Kama Kiswahili cha mambo ya ndani kinakupa tabu na ungejieleza vizuri zaidi kwa Kimakonde, Kimwera au Kiyao, omba mapema mkalimani mtu mzima. Usimtumie mtoto wako.

Usitegemee jibu siku moja. Ule ugonjwa wa msongo unaobaki baada ya tukio la kutisha hauthibitishwi mpaka dalili zipitishe mwezi mmoja, kwa hiyo vikao vya kwanza ni vya kufuatilia. Nenda vyote.

Hatua ya 6: Isome ripoti kabla haijatumwa

Faili la yule mzee lilirudishwa mara ya kwanza. Kituo kimoja kilikuwa kimemwandikia mstari huu: "Mgonjwa ana msongo wa mawazo, apumzike." Basi. Msongo wa nini? Tangu lini? Unahusiana vipi na ghala? Apumzike siku ngapi? Aliyeusoma kule WCF hakuwa na cha kushika. Nilikasirika siku ile, kwa sababu kosa halikuwa la mzee na aliyepanda gari tena alikuwa yeye.

Ripoti ya pili, iliyosainiwa na mwanasaikolojia tiba pamoja na daktari bingwa, ilisema kwa kirefu: alivamiwa tarehe fulani akiwa zamu, kabla ya hapo hakuwa na historia ya maradhi ya akili, sasa ana ndoto za tukio, anakwepa eneo la ghala, anashtuka kupita kiasi, dalili zimepita miezi mitano, utambuzi ni ugonjwa wa msongo baada ya tukio la kutisha, kwa namba F43.1 ya ICD-10, mwongozo wa kimataifa wa kuainisha magonjwa. Chanzo ni tukio la kazini. Hawezi kwa sasa zamu ya usiku wala kazi ya peke yake. Anahitaji vikao kadhaa na kupimwa upya baada ya muda uliotajwa.

Ripoti nyingi huandikwa Kiingereza. Omba usomewe kwa Kiswahili, na kama tarehe au tukio limekosewa, irekebishwe papo hapo. Hakikisha kuna jina, cheo, namba ya usajili, saini na mhuri. Mtu yeyote akikuambia maradhi ya akili si ya kazini, mjibu kwa upole kwamba orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa 2010, inayo sehemu ya maradhi ya akili, na msongo huu wa baada ya tukio la kutisha umetajwa humo kwa jina.

Kwa nini maneno haya yana uzito? Kwa sababu mafao yanafuata ulemavu ulioandikwa. Ukishindwa kazi kwa muda, malipo ni asilimia 70 ya kipato chako, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu hadi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Mbali na hayo kuna matibabu yenyewe na huduma ya utengamao, ambayo ni msaada wa kukurudisha kazini.

Hatua ya 7: Wasilisha, tunza, fuatilia

Toa nakala mbili za kila karatasi, piga na picha kwa simu. Risiti za dawa na za vikao ambatanisha, na za nauli pia zitunze. Uamuzi ni wa Mfuko, lakini risiti iliyopotea haijadiliwi. Barua ya majibu ikija na hukubaliani nayo, una haki ya kupinga. Andika nyuma ya bahasha tarehe uliyoipokea, soma sababu waliyotoa, rudi kwa mtaalamu wako ajibu sababu hiyo hiyo na si nyingine. Afisa kazi wa mkoa na chama chako cha wafanyakazi wanaweza kukusaidia kuandika.

Na usiruhusu urudishwe kazini kama hakuna kilichotokea. Mwombe mwanasaikolojia aandike masharti ya kurudi: zamu gani, na nani, kwa muda gani. Kwa mzee wetu ilikuwa sentensi mbili tu. Sasa yupo getini mchana pamoja na mlinzi mwingine, anaandika namba za malori yanayoshusha korosho, na kibanda chao kina madirisha pande tatu.