Namna ya kuielewa glaikolisisi bila kukariri enzaimu kumi (madogo wa michepuo ya PCB na CBG piteni hapa)

Madogo wa fomu faivu, najua wengi mnapiga msuli topiki ya respiresheni kwa kukariri, hatua ya kwanza mpaka ya kumi ya glaikolisisi (seli inavyoikata glukosi kupata nishati) kama mtu anasali, halafu kwenye pepa linakuja swali "eleza seli inavyodhibiti matumizi ya glukosi" mnabaki kutoa macho. Mnaanzia pabaya. Zile hatua kumi hazina uzito sawa, zipo tatu ndo zenye maneno, saba zilizobaki ni za kupita tu, zinaenda mbele na kurudi kutegemea kipi kimejaa na kipi kimepungua.

Sasa fanya hivi. Chukua karatasi, majina ya enzaimu yaweke pembeni kwanza, hesabu kaboni. Glukosi ina kaboni 6. Ndani ya saitoplazimu inakatwa inakuwa vipande viwili vya kaboni 3, na mwisho wa safari tunaviita piruveti. Kila piruveti ikiingia mitokondria (vile vyumba vya nishati ndani ya seli) inaachia kaboni moja kama kaboni dioksaidi, zinabaki 2, hiyo ndo asetili koenzaimu A, na kwa hesabu hizo 2 nazo zinatoka kama kaboni dioksaidi kwenye mzunguko wa Krebs (Hans Krebs aliueleza 1937, Nobel akaipata 1953). Jumla kaboni 6 zimetoka zote, yaani kaboni dioksaidi unayoitoa ukihema ukipanda vilima vya Igogo, Mwanza, sehemu kubwa ni chakula chako cha juzi na jana.

Baada ya kaboni hesabu ATP, yaani hela ya nishati ya seli, na hapa fikiria mama wa dagaa pale soko la Mwaloni, hapati kitu bila kutoa mtaji. Seli inatoa ATP 2 mwanzoni, inarudishiwa 4, faida ni 2, na juu yake NADH 2 (NADH na mwenzake FADH2 ni wabebaji wa elektroni). Ni kidogo, ndio. Hela yenyewe iko mitokondria ambako NADH na FADH2 zinapeleka elektroni mpaka kwa oksijeni, maji yanatengenezwa, na jumla kwa glukosi moja inafika ATP 30 au 32. Ukikuta kitabu kimeandika 36 au 38 ujue ni hesabu ya zamani waliyokuwa wanaipa kila NADH ATP 3, siku hizi tunaipa 2.5 na FADH2 tunaipa 1.5. Muulize mwalimu wako anasahihisha kwa ipi, usibishane naye siku ya mtihani.

Haya, zile hatua tatu. Ni ya kwanza, ya tatu na ya kumi, na zote ni njia moja, ukishapita huwezi kurudi kwa enzaimu ileile.

Ya kwanza ni heksokinesi, inaibandika glukosi fosfeti ili isiweze kutoka tena nje ya seli. Zao lake, glukosi-6-fosfeti, likirundikana linaizuia heksokinesi yenyewe. Ini lina enzaimu yake tofauti, glukokinesi, ambayo haizuiwi hivyo, ndo maana ukishashiba ugali ini linaendelea kuvuta sukari na kuiweka akiba ya glaikojeni.

Ya tatu, fosfofruktokinesi au PFK, hii ikunyime usingizi hata siku mbili kama bado haijakaa kichwani. Utauliza kwa nini udhibiti mkubwa usikae mlango wa kwanza? Kwa sababu glukosi-6-fosfeti bado ina pa kwenda, inaweza ikawa glaikojeni au ikaenda njia ya pentosi (njia nyingine ya kuitumia glukosi), ila ikishapita PFK imeshaamua kuchomwa. Na PFK inasoma hali ya seli. ATP ikiwa nyingi inakaa kwenye sehemu ya pili ya enzaimu, siyo pale kazi inapofanyikia, na enzaimu inapoa. Sitreti, ambayo ni ya mzunguko wa Krebs, ikivuja kutoka mitokondria nayo inapunguza mwendo, maana kule ndani kumejaa. AMP (ATP iliyobaki na fosfeti moja, ADP inabaki na mbili) inafanya kinyume, inaamsha. Kwa nini AMP na siyo ADP? Seli ikiishiwa inachukua ADP mbili inatengeneza ATP moja na AMP moja, na kwa kuwa AMP kawaida ni chache sana, ATP ikipungua kidogo tu AMP inapanda mara kadhaa, kwa hiyo ni kengele nzuri zaidi. Hapa ndo penye maksi, msiruke.

Kwenye ini ongeza homoni. Insulini inapandisha fruktosi-2,6-bisfosfeti ambayo inaisukuma PFK, glukagoni inaishusha, ini linaacha kuchoma glukosi na kuanza kuitengeneza kwa ajili ya ubongo wakati umefunga.

Ya kumi, piruveti kinesi, inazuiwa na ATP na inaamshwa na fruktosi-1,6-bisfosfeti, zao la PFK, yaani wa mbele anaambiwa mapema kuna mzigo unakuja. Basi.

Oksijeni ikikosekana, NADH inakosa pa kushusha elektroni, NAD+ (yaani NADH iliyokwisha shusha mzigo) inaisha, glaikolisisi yote inasimama. Misuli inaokoa jahazi kwa kuigeuza piruveti kuwa asidi ya laktiki, NADH inashusha elektroni hapo na NAD+ inarudi. Sangara aliyehangaika kwenye nyavu misuli yake inajaa asidi hiyo, na akishakufa kinachoendelea ni glaikolisisi tu mpaka akiba iishe, ATP ikikatika misuli inashindwa kuachia, samaki anakakamaa. Na muhogo mchungu usioloweshwa vizuri kuwa udaga una sianidi, inaziba hatua ya mwisho kule mitokondria, oksijeni ipo kibao ila haitumiki, seli inabaki na zile ATP 2 na laktiki inapanda. Chora hiyo mwenyewe, ukiweza kuieleza bila kuchungulia umemaliza topiki.

Ukitaka kuona kwa macho nunua hamira dukani, chupa tatu za maji na maputo. Zote weka maji ya uvuguvugu na hamira kijiko, mbili ongeza sukari, moja iache bila. Kati ya hizo mbili za sukari, moja hamira yake ichemshe kwanza kisha iache ipoe. Vika maputo, subiri kama saa moja hivi. Yenye sukari na hamira hai puto litajaa kaboni dioksaidi, maana hamira inageuza piruveti kuwa pombe na gesi, iliyochemshwa haitafanya kitu enzaimu zimeharibika. Ile isiyo na sukari ikitoa gesi kidogo usishtuke, hamira nayo ina akiba yake ya wanga ndani.