Kupiga picha wanyama wa bustani ya nyumbani msimu wa masika

Masika yakishakolea, kati ya Machi na Mei, huna haja ya kulipa kiingilio cha Hifadhi ya Mikumi ili upate mnyama wa kupiga picha. Hapa kwangu Bigwa, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, wanakuja wenyewe. Kwera, wale ndege wasuka viota, wanachana majani ya migomba; chozi, ndege wadogo wanywa nekta, wanagombania maua; vinyonga wanatambaa kwenye michongoma, na usiku vyura hawasikilizani. Bustani yenyewe ni ya kawaida: migomba, mndimu, mpapai, mihibiskasi upande wa barabara, na pembe moja ya nyuma ambayo sifyeki mpaka mvua zikatike. Hiyo pembe naipenda kuliko sehemu yoyote ya nyumba.

Ukiuliza nianze kukufundisha wapi, sitaanza na kamera. Nitakuuliza mnyama unayemtaka anakula nini na anakula saa ngapi. Anayemfukuza ndege na kamera atarudi na picha za mikia. Anayejua kwamba chozi huzunguka maua yaleyale asubuhi nzima atakaa mbele ya ua moja, aelekeze lenzi, asubiri. Chozi ataleta sura yake mwenyewe.

Vifaa nitavimaliza haraka. Simu inatosha kwa wadudu, viwavi, vinyonga, vyura na konokono, yaani zaidi ya nusu ya wakazi wa bustani. Kwa ndege tafuta kamera ya kubadilisha lenzi, hata ya mtumba, na lenzi ya kuvuta inayofika milimita 300. Kwenye simu usivute kwa vidole. Kwenye simu nyingi ile ni kukata picha tu, inatoka na ukungu. Sogea mwenyewe polepole. Kisha bonyeza kioo pale lilipo jicho la mnyama, shikilia kidole mpaka fokasi, yaani pale picha inapokuwa kali, ijifunge, halafu teremsha mwanga kidogo ili rangi zisiungue. Na kabla ya yote, futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba. Simu inayoshinda mfukoni na jikoni ina mafuta kwenye lenzi, na mafuta yale ndiyo yanayoleta weupe ambao watu hudhani ni kosa la kamera.

Mwanga wa huku kwetu una haraka. Mwezi wa nne jua linachomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu, na kufika saa tatu limeshapanda juu, vivuli vimekuwa vikali, macho ya ndege yamezama gizani. Saa mbili zile za mwanzo ni mali. Masika lakini yana zawadi yake: mawingu. Siku ya wingu jepesi unaweza kupiga hadi adhuhuri, maana wingu linatandaza mwanga sawasawa juu ya majani na manyoya. Mimi siku za jua kali nafanya usafi, siku za mawingu natoka.

Sasa kwera. Hawa ndio ningependa kila mtu aanze nao, kwa sababu wana kelele, wana rangi ya manjano isiyofichika, na kazi yao inarudiwa mbele yako mara nyingi mpaka uizoee. Dume ndiye fundi. Anatua pembeni mwa jani la mgomba au ukindu, anauma ukingo, anaushika kwa mdomo kisha anaruka. Jani linachanika uzi mrefu nyuma yake. Ukimtazama mara chache utaona anarudi jani lilelile, upande uleule. Hapo ndipo pa kuelekeza lenzi, na wala si kwenye kiota. Weka kasi ya shata, yaani muda kamera inaofumbua jicho lake, 1/1000 ya sekunde, maana tendo la kuchana ni la kufumba na kufumbua, na acha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 1600 kama mawingu ni mazito. Chembechembe kidogo kwenye picha zinavumilika; ndege aliyetikisika havumiliki.

Kwenye kiota anaanza na pete ya majani iliyofungwa kwenye tawi. Anasimama ndani ya ile pete na kusuka kuizunguka, na urefu wa mwili wake ndio kipimo cha chumba. Kiota kikifikia kuonyeshwa, dume hujining'iniza chini yake kichwa chini miguu juu, anapiga mbawa na kupiga kelele kumwita jike. Jike anaingia, anavutavuta nyuzi kwa mdomo, anatoka. Akikubali, ataanza kuleta vitu laini vya kutandika ndani. Akikataa, na kiota kikanyauka kikawa cha kahawia, dume mwenyewe hukibomoa na kuanza upya, kwani majike wanapendelea kiota kibichi. Kwa mpiga picha maana yake ni hii: kiota cha kijani ndicho chenye maonyesho. Cha kahawia chenye utulivu huenda kina mayai au makinda, kipe nafasi.

Kujificha sikununua hema la kuwindia picha. Natumia kamba ya kuanikia nguo. Ndege wa nyumbani wamezoea kuona nguo zikipepea, kwa hiyo natundika khanga mbili zikikaribiana, nakaa nyuma kwenye kigoda, lenzi inachungulia katikati. Kwera hutua mita tano au sita kutoka hapo bila wasiwasi. Tundika khanga jioni ya siku iliyotangulia ili asubuhi zisiwe ngeni, na vaa nguo isiyong'aa. Ukiwa na kikohozi, siku hiyo piga picha za konokono.

Chozi wanahitaji somo la rangi. Ule mng'ao wa kijani na zambarau wa dume hautokani na rangi iliyopakwa kwenye unyoya, unatokana na umbile la unyoya lenyewe linavyorudisha mwanga. Ndiyo maana ndege yuleyule akigeuka kidogo anakuwa mweusi tii. Basi jua liwe nyuma ya mgongo wako, na ungoje ageuke. Piga picha mfululizo anapozungusha kichwa. Kati ya kumi, moja itawaka. Mahali pazuri ni ua la mgomba linapofunuka, na hibiskasi. Kwenye hibiskasi chozi mara nyingi hapitii mlangoni. Anatoboa kitako cha ua kwa mdomo na kunywa kwa pembeni, kwa hiyo elekeza fokasi kwenye kikonyo. Huyu wa kifua chekundu ndiye mgeni wa mara kwa mara kwangu. Kuna chozi mwingine anayeishi katika misitu ya Uluguru pekee, hapatikani kwingine duniani, lakini huyo ni wa juu mlimani. Bustani ya bondeni usimsubiri.

Nikiwa kwenye chozi niombe jambo moja: usifagie utando wa buibui wote ukutani na kwenye miti. Chozi huutumia kufungia kiota chake. Ukiacha utando, unaweza kumpata akiuvuta kwa mdomo, na hiyo ni picha ambayo wengi hawana.

Mndimu ni studio ya mwenye simu. Geuza majani machanga baada ya mvua za mwanzo utafute kiwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano hafifu, Papilio demodocus. Akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, mweusi na mweupe, na ndege humpita. Akikua anageuka kijani. Mguse kwa unyasi, nyuma ya kichwa anatoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali, kisha anazirudisha ndani. Mara moja tu inatosha kwa picha; kila anapozitoa anatumia nguvu. Baadaye atajifunga kwenye kijiti kwa uzi kama mshipi na kuwa bundo, yaani ganda ambamo kiwavi anageuka kipepeo. Tembelea bundo kila jioni. Ukiona limekuwa jeusi na ramani ya mabawa inaonekana kwa ndani, tega simu ikuamshe alfajiri, maana huwa anatoka asubuhi. Akishatoka ananing'inia mabawa yakiwa yamekunjamana, na yanajaa taratibu mbele ya macho yako. Haruki mpaka yakauke. Kwa muda huo una kipepeo mpya kabisa, asiye na mkwaruzo, aliyetulia, umbali wa kiganja. Watu wengine huweka wadudu kwenye friji ili wapoe wasiruke. Usifanye hivyo. Alfajiri ni bure.

Kwa picha ya karibu namna hii, mikono inatikisika. Egemeza simu kwenye tofali au kwenye ndoo iliyogeuzwa, na upigie kwa kitufe cha sauti cha spika za masikioni zenye waya; simu nyingi zinakubali. Hata pumzi yako haitamfikia mdudu.

Kumbikumbi hawapangiwi siku, ila utawahisi: mvua imenyesha, imeacha, hewa imetulia. Wakianza kutoka shimoni usikimbilie sufuria kwanza. Lala chini, uwe upande wa pili wa jua ili mwanga upenye mabawa yao, yatang'aa kama plastiki nyembamba. Halafu subiri wadondoshe mabawa. Utawaona wawili wawili wakitembea ardhini, mmoja amemfuata mwenzake kisogoni, wakitafuta pa kuanzisha kichuguu. Inua macho pia: ndege wote wa mtaa watakuwa hapo, mpaka mwewe, wakiwadaka hewani. Nawaambia wajukuu tugawane, ndoo moja ya kukaanga, shimo jingine tuwaachie ndege na kamera.

Usiku vaa gambuti na ushike tochi. Hilo la gambuti silipunguzi bei, masika nyoka wako kwenye majani na huoni unapokanyaga. Piga tochi kwenye ncha za matawi ya michongoma: kinyonga akilala huwa amepauka, mwili mzima unarudisha mwanga kati ya majani ya kijani, kwa hiyo usiku anaonekana kirahisi kuliko mchana. Usimpige picha usingizini kwa flashi mara kumi. Kumbuka tawi, urudi kunapopambazuka kabla hajaondoka. Macho yake yanazunguka kila moja kivyake. Ngoja jicho la upande wako likutazame, ndipo ubonyeze. Wapo wanaomwogopa kinyonga na kumpiga mawe. Hana sumu. Watoto wakishaona picha yake kubwa, ngozi yenye punje punje na vidole vilivyogawanyika viwili kama koleo, hofu inaanza kupungua.

Ukiwa na pipa au dimbwi, tazama matawi yaliyo juu ya maji. Povu jeupe kama la sabuni lililogandia tawini ni kazi ya chura wa mtini. Mayai yamo ndani, na viluwiluwi vikishakua kidogo vinadondokea majini. Chukua picha ya povu kila siku kutoka sehemu ileile, utapata mfuatano mzuri sana. Maji ya kwenye vyombo usiyaache yakae bure kwa ajili ya picha, ila kama yana chura. Mbu na malaria tunavijua.

Adui mkubwa wa kamera masika ni unyevu. Kuvu wakiota ndani ya lenzi, kuisafisha kunaweza kuwa ghali kuliko lenzi yenyewe ya mtumba. Hifadhi kamera kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi mpaka ipate joto la nje, la sivyo kioo kitajaa mvuke. Manyunyu yakikukuta, mfuko wa nailoni wenye tundu la lenzi unatosha.

Halafu kuna majirani. Lenzi ndefu inayochungulia kwenye khanga inatia watu shaka, kwa hiyo nilimwendea mama wa upande wa pili mapema, nikamwonyesha picha za kwera wanaotua kwake. Siku hizi ananiita yeye: "Bibi, shikamoo, njoo haraka, kuna kitu kwenye mpapai." Vijana wenye manati niliwapa kamera waijaribu. Wana shabaha, wana subira ya kunyemelea, wanajua kila kiota cha mtaa. Hao ni wapiga picha tayari, wamekosa kifaa tu.

Dawa ya kuulia wadudu acha kabisa kwenye upande unaopigia picha. Ukiua viwavi, umeua vipepeo na chakula cha makinda kwa mpigo mmoja. Matawi yanayoziba kiota usiyakate ili uone vizuri. Hayo ndiyo yanayowaficha makinda na jua, mwewe na nyoka. Sogeza kigoda.

Jioni hamisha picha kutoka kwenye kadi, futa zilizotikisika, na zilizobaki zipe jina lenye tarehe, saa, mmea na mnyama: "Aprili 14, saa 1 asubuhi, mgomba wa kisimani, kwera dume". Usipomjua mnyama, mtandao wa iNaturalist una watu wanaosaidia kumtambua kwa picha. Mimi pia naandika mvua ilinyesha lini kabla ya picha hiyo, maana mwakani Machi nitafungua orodha hiyo kwanza, nijue khanga zitundikwe upande gani.