Jinsi ya kuuachia mto maji yake wakati wa kiangazi

Nalima mpunga Usangu, wilayani Mbarali, kando ya mto mmojawapo kati ya ile inayoshuka milimani kwenda kwenye ardhioevu ya Ihefu. Maji yanayotoka Ihefu ndiyo mto Ruaha Mkuu, unaonywesha wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kabla ya kufika mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi. Viboko hubanana kwenye madimbwi ya tope na samaki hufa. Mwaka 2008 sehemu ya Usangu, pamoja na Ihefu, iliingizwa hifadhini, lakini mpaka hauwezi kushika maji yaliyokwisha chukuliwa huku juu. Tunayachukua sisi.

Siku hizi kwetu mvua zinachelewa, kisha zinashuka kwa kishindo na kupita. Kinachobaki kiangazi ni kidogo, na kazi ni kukitunza hicho kidogo. Nimeona kamati nyingi zikianza na miche ya miti. Miche nitaifikia, lakini mche wa leo hautaongeza hata ndoo moja Oktoba hii. Anza na banio, yaani kizuizi kinachogeuza maji ya mto yaingie mferejini.

Kwanza pima. Tafuta kipande cha mto kilichonyooka, ufunge kamba mbili za kukatiza maji, zikiachana mita 10. Pima upana, kisha kina mahali patano kwa fimbo yenye alama, upate wastani. Tupa chungwa juu kidogo ya kamba ya kwanza; chungwa huzama nusu, upepo haulisukumi. Hesabu sekunde hadi kamba ya pili, urudie mara tano. Tuseme upana ni mita 4, kina mita 0.3, na chungwa limetumia sekunde 25, yaani mwendo wa mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha 4 × 0.3 × 0.4, upate 0.48. Zidisha tena kwa 0.85, maana maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Jibu ni 0.408, sawa na lita 408 kwa sekunde. (Penye mamba au viboko usiingie majini kabisa, pimia darajani.)

Pima juu ya banio na chini yake siku ileile, kila wiki, uandike kwenye daftari. Tofauti ya namba hizo ndiyo mnayochukua. Siku niliposoma zetu mkutanoni, waliokuwa wakisema maji yanapotelea mchangani walinyamaza.

Pili, fungeni banio baada ya mavuno. Mpunga ukishatoka, jaruba halina haja na maji, lakini mifereji mingi huachwa wazi na maji yanatanda kwenye mabua, yanakaushwa na jua. Hapa mwaka wa kwanza tulikosea. Tulipanga viroba vya mchanga hadi juu bila kuuliza mtu, kumbe kitongoji cha mwisho wa mfereji walikuwa wakichota humo maji ya kunywa. Mama mmoja alinifuata nyumbani na ndoo tupu, akaiweka mlangoni, akaondoka bila kusema neno. Tangu hapo tunatembea mfereji mzima kwanza, kaya kwa kaya, na tunabakiza bomba dogo la kujaza tangi lao. Sera ya Maji ya mwaka 2002 inatanguliza maji ya binadamu, yanafuata ya mazingira, ndipo mengine. Yule mama kwanza, mto wa pili, jaruba langu nyuma yao.

Lakini banio halifungiki kama mmoja anavuna Mei na mwingine bado ana mpunga mbichi Julai. Kwa hiyo sikilizeni utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, mpange kitalu kwa wakati mmoja. Kilimo shadidi kinasaidia sana: miche ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja kwa shimo, sentimita 25 kwa 25, jaruba likiloweshwa na kuachwa likauke hadi lianze kupasuka vinyufa, ndipo liloweshwe tena. Magugu yatazidi, msidanganyane; nunueni kipalizi cha kusukuma kwa pamoja.

Sasa miche ya miti. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Humo acheni matete yajiotee na pandeni mikuyu, si mikaratusi. Wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, kule kwenye chemchemi waendeeni mkae nao, msiwapelekee barua.

Banio letu sasa lina lango la chuma na kufuli mbili. Ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili uko kwa kijiji kilicho chini yetu.