Boga kubwa hulelewa kwenye shina

Kila anayeniuliza kuhusu maboga makubwa huanza na mbolea. Mimi humuuliza kama amefukia mashina. Boga linakula kupitia shina, na shina likipinda au kupasuka, samadi yote uliyomwaga haina kazi tena.

1. Mbegu. Tafuta Atlantic Giant, aina iliyoendelezwa na Howard Dill wa Nova Scotia, Kanada. Ni la ukoo huo boga la Travis Gienger wa Marekani lililofika kilo 1,247 mwaka 2023. Ganda la mbegu ni gumu, kwa hiyo sugua kingo kidogo kwa msasa bila kugusa ncha, kisha panda kwenye kikopo.

2. Kuhamishia shambani. Chimba shimo pana, changanya mboji na samadi iliyooza kabisa. Mmea mmoja uachie mita za mraba 40 au zaidi. Tazama jani halisi la kwanza: kwa kawaida shina kuu hutambaa kuelekea upande ulio kinyume na jani hilo. Geuza mche mapema, usije ukapigana na shina baadaye.

3. Shina linapolala chini. Siku hizi ndizo za hatari. Shina bado laini, upepo mmoja unalipindua na kulivunja karibu na ardhi. Weka kizuizi cha upepo, kisha lishikilie kwa vijiti viwili vilivyopishana juu yake, bila kulibana.

Halafu anza kufukia. Kwenye kila kifundo, pale jani linapochipuka, chimba mfereji mdogo, laza shina, funika kwa udongo, jani libaki juu. Ncha iache wazi. Kifundo kitatoa mizizi inayonywa maji na kulishika shina chini upepo ukija. Matawi ya pembeni yaelekeze kushoto na kulia, nayo uyafukie. Vitawi vinavyochipuka juu ya hayo, kata. Kwa kukanyagia tumia ubao; guu la mkulima huharibu kuliko panya.

4. Uchavushaji. Chagua ua la kike kwenye shina kuu, mita 3 au zaidi kutoka kwenye mzizi. Jioni lifunge nyuki wasiingie. Alfajiri chuma ua la kiume, ng'oa petali zake, pakaza chavua katikati ya ua la kike, lifunge tena.

5. Karibu na boga usifukie. Hapa nilipoteza boga langu zuri kuliko yote. Nilifukia kila kifundo kwa bidii. Boga likanenepa, bega lake likainuka na kulisukuma shina, lakini shina lilikuwa limeshikwa na mizizi pande zote mbili. Kikonyo kikang'oka usiku. Sasa huacha karibu mita moja kila upande, nakata mizizi ya hapo na vikono vinavyojisokota. Boga likiwa bado dogo, kila alasiri, jua likiwa limelainisha shina, nalisogeza kidogo mpaka kikonyo kifanye pembe mraba na shina. Asubuhi shina limejaa maji, ukilivuta linapasuka.

Chini ya boga weka mchanga, juu kitambaa cheupe cha kivuli. Mwagilia mzizini, si majani, maana majani yenye unyevu usiku hualika magonjwa. Ukiona ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga juu ya majani, ondoa majani yaliyoathirika zaidi mapema. Shina likipata ufa, ondoa udongo uliolifunika, likauke na lipate hewa.