Shimo Kwanza, Mche Baadaye: Miti ya Matunda Nyuma ya Nyumba Mwanza

Kabla hujaenda kitaluni, azima mtaimbo. Piga ardhi sehemu tatu au nne za uwanja, ukijaribu kushuka hadi mita moja. Ukigonga mwamba kwenye sentimita 40, hapo usipande mwembe. Utachipua vizuri miaka ya mwanzo, kisha kila kiangazi ncha za matawi zitakauka kwa sababu mizizi haina pa kushukia. Mahali pa namna hiyo mpe mpera, mkomamanga au mtopetope. Kipande chenye kina kitunze kwa ajili ya mwembe na mparachichi.

Kipimo cha pili ni maji. Chimba shimo la futi mbili, lijaze, yakishanywea lijaze tena jioni. Yakikutwa bado yamesimama asubuhi, udongo huo unatuamisha. Viwanja vya bondeni vyenye udongo mweusi wa mbuga viko hivyo, na vingi vya kandokando ya ziwa pia. Waliojionea maji yalivyopanda 2020 na 2024 hawahitaji kuelezwa. Mparachichi huoza mizizi hapo, na mpapai unaweza kufa kwa siku mbili tu za maji kusimama. Ukilazimika, inua tuta la mviringo la kimo cha nusu mita na upana wa mita moja na nusu, upande juu yake.

Kilimani tatizo ni kinyume chake: kichanga, luseni kwa Wasukuma, maji yanapita kama kwenye chujio.

Shimo liwe sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Kwenye kichanga au kokoto, ongeza upana ufike 90. Udongo wa juu uweke kulia, wa chini kushoto, visichanganyike. Wa juu ndio utakaochanganya na madebe mawili ya samadi ya ng'ombe iliyooza na kuurudisha shimoni kwanza. Samadi iliyooza haina harufu ya zizi, haina joto ukiingiza mkono, na inamomonyoka vidoleni. Mbichi inaunguza mizizi, na mabua yaliyomo yanaita mchwa. Samadi ya kuku ni kali zaidi: nusu debe, nayo iwe imekaa miezi kadhaa. Pumba za mpunga zisizooza zisiingie shimoni, kwa maana zikianza kuoza zinanyang'anya mche naitrojeni, zitandaze juu. Magugu maji nayo ni mali ya bure. Yaanike mpaka yawe kahawia, yarundike miezi miwili mitatu pamoja na samadi, ndipo uyatumie.

Jaza mpaka pabaki kichuguu cha sentimita 15 juu ya usawa wa ardhi, maana udongo utashuka. Kisha subiri wiki tatu. Hapa wengi hukosa subira, wanapanda siku hiyohiyo, udongo unazama na mche unazama nao hadi shingoni.

Wakati mzuri ni vuli iliyokwisha kutulia, yaani Novemba, si mvua ya kwanza ya Oktoba ambayo mara nyingi inadanganya. Mche wa Novemba unapata vuli na masika kabla ya kiangazi. Ule wa Aprili unaingia Juni ukiwa na mizizi ya miezi miwili.

Kitaluni chagua mche wa sentimita 40 hadi 60 wenye majani yaliyokomaa. Wenye majani mapya laini utanyauka njiani. Geuza kiriba, yaani mfuko wa mche, utazame chini: mzizi mnene kama penseli ukiwa umetoka na kuzama ardhini, utakatika wakati wa kuunyanyua, kwa hiyo mche huo uache. Kwa machungwa, angalia mahali pa kiungo, yaani pale mche ulipobebeshwa. Michungwa mingi hubebeshwa juu ya shina la limau, na chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo ni la limau. Likiachwa, linakua haraka kuliko chungwa lenyewe na kulifunika. Ndiyo asili ya ile lawama kwamba "nimeuziwa chungwa, limezaa limau". Muuzaji wala hakukosea. Machipukizi hayo yang'oe kwa mkono yangali mateke.

Siku ya kupanda chana kiriba kwa wembe. Usiuvute mche kwa shina. Kiungo kibaki sentimita 15 juu ya udongo. Nailoni iliyofungwa kwenye kiungo ifungue ikiwa pamepona, la sivyo itamkaba mche unavyonenepa. Shindilia kwa viganja, mwagia debe moja papo hapo. Kwenye mteremko tengeneza kijimwezi, yaani kituta cha nusu duara, kinachoangalia upande wa juu wa mteremko ili kikinge maji. Tandaza nyasi unene wa sentimita 10, lakini acha sentimita 20 kuzunguka shina, vinginevyo unawajengea mchwa ngazi.

Umbali: mwembe mita 6 kama utaukata kila mwaka, 8 kama hutaukata, mparachichi 7, mchungwa 5, mpapai 2.5. Papai panda miche mitatu kila shimo, na ikitoa maua ng'oa madume ya ziada. Kaa mita 5 kutoka msingi wa nyumba na shimo la maji taka, na usipande chini ya nyaya za umeme.

Kuanzia Juni hadi Septemba, mwaka wa kwanza, mpe debe moja mara mbili kwa wiki. Kwenye kichanga fukia dumu la lita 5 lenye matundu madogo kando ya mche, ulijaze kwa mdomo wake. Maji yanafika mizizini badala ya kukauka juu. Majani yakilegea saa saba mchana ni joto tu. Yakilegea saa moja asubuhi, ingiza kidole udongoni: pakavu ni kiu, palipolowa ni mizizi inayozama.

Mwembe ukifika mita moja, ukate kwenye sentimita 75, ubakize matawi matatu yanayoelekea pande tofauti. Maua ya miaka miwili ya mwanzo yaondoe.

Ukianza kuzaa, adui mkubwa ni inzi wa matunda. Hutaga ndani ya embe linaloanza kuiva, funza wanakula, tunda linaanguka, nao wanaingia udongoni kugeuka inzi wapya. Kwa hiyo okota yaliyoanguka kila siku, yafunge kwenye mfuko mweusi wa nailoni usio na tundu, uuache juani wiki nzima. Ukiyatupa jalalani nyuma ya ukuta, inzi watakurudia. Ongea na jirani naye aokote ya kwake.